Nilitunga ushuhuda mbele ya rafiki zangu, sasa nashindwa hata kushika brashi

Mama, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nami nitakuandikia. Naomba univumilie, maana jambo lenyewe ukilisikia harakaharaka unaweza kuliona dogo.

Tuko wanawake watano, tunasali pamoja na tumekuwa marafiki tangu usichana. Mwanzoni mwa mwaka huu mmoja wetu alipendekeza tujifunze kuchora kwa rangi za maji. Hakuna aliyekuwa anajua. Tukanunua rangi na brashi, tukawa tunakutana Jumamosi jioni nyumbani kwa mmoja wetu, tunaangalia mafunzo kwenye simu kisha tunajaribu. Nilifurahi mno. Ni miaka mingi sijafanya kitu kwa ajili ya kufurahi tu.

Shida ilianza pale dada mkubwa wa kikundi alipoweka utaratibu kwamba tukimaliza kuchora, kila mmoja aeleze Mungu amemfundisha nini siku hiyo kupitia picha yake. Wenzangu wanasema mambo mazito. Huyu amejifunza subira kwa kungoja rangi ikauke, yule ameona jinsi Mungu anavyoweza kuligeuza doa likawa ua. Mimi nakaa pale na picha yangu iliyovurugika, sina la kusema. Mara kadhaa nimechukua maneno ya mwenzangu nikayageuza kidogo ili nami nionekane nimepata.

Halafu yupo mwenzetu mwenye kipaji. Tunawekewa jagi lile lile mezani. Lake linang'aa, utadhani unaweza kulishika mpini. Langu limekuwa tope la kijivu na karatasi imechubuka kwa kusuguliwa, maana nikiona kosa siwezi kuliacha, nalipitia tena na tena. Siku hizi nikimaliza naigeuza karatasi kifudifudi. Na wakimsifu yeye, kuna kitu kinanichoma kifuani, halafu naona aibu kwa sababu ni rafiki yangu na nampenda.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Jumamosi moja zamu yangu ilipofika, nilitunga. Nilisema kwamba nilipokuwa napaka samawati nilisikia moyoni Mungu akiniambia: "Machozi yenu ninyi mnayaona kuwa yanaharibu picha, lakini mimi ndiyo maji ninayochanganyia rangi." Sijui yalitoka wapi. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake si muda mrefu. Alilia sana, akanikumbatia, akayaandika maneno yale kwenye daftari lake. Baadaye akayasimulia kwenye ushirika wa akina mama, akasema Mungu amemfariji kupitia kwangu. Watu wakaitikia amina.

Mama, sikusikia chochote siku ile. Nilikuwa nawaza tu nisionekane mtupu.

Tangu hapo nimekuwa nikitoa udhuru kila Jumamosi. Najiuliza, Mungu anasema na wenzangu wote isipokuwa mimi? Je, niseme ukweli nimvunje moyo mtu aliyefarijika, au ninyamaze kwa kuwa faraja ameshaipata? Na uchoraji wenyewe niuache? Pengine si wa watu kama mimi.

Wako katika Bwana,
Mwenye picha kifudifudi

*

Binti yangu, amina, na asifiwe milele.

Jambo lako si dogo, na nimefurahi kwamba wewe mwenyewe hukulifanya dogo. Nitaanza na mwenzako aliyefiwa, maana hayo mengine yanaweza kungoja kidogo, lakini hili haliwezi.

Mwambie ukweli. Najua hoja inayokuzuia: ameshafarijika, kwa nini nimnyang'anye? Lakini tazama faraja hiyo imesimama juu ya nini. Yeye anaamini kwamba Mungu alitamka maneno yale, jioni ile, kwa ajili yake. Uchungu wa kufiwa una tabia ya kurudi usiku wakati watu wote wamelala, na ukirudi yeye atalifungua lile daftari. Wewe peke yako ndiye unayejua kwamba aliyeandikwa pale hakusema. Sidhani unaweza kukaa na jambo kama hilo miaka na miaka huku mkishikana mikono kwenye maombi.

Kumbuka Ayubu. Rafiki zake walikuja kumfariji mtu aliyefiwa na watoto wake wote, wakaanza kusema mambo kwa niaba ya Mungu. Katika sura ya 13 aliwauliza kama kweli wanataka kumsemea Mungu yasiyo ya haki. Mimi swali hilo hunisimamisha kila nikilisoma, kwa sababu wale hawakuwa wapagani. Walikuwa marafiki waliotaka kuonekana wana neno. Naye Paulo, anapotuagiza tuuvue uongo na kila mtu aseme kweli na jirani yake, anatoa sababu kwamba sisi tu viungo, kila mmoja kiungo cha mwenzake (Waefeso 4:25). Ninyi watano ni viungo. Ndiyo maana kinachokuuma wewe sasa hivi kimeshaanza kuwakosesha wao Jumamosi zako.

Nenda kwake ana kwa ana, mkiwa wawili tu, na isiwe siku ya kuchora. Usizunguke. Mwambie: "Maneno niliyosema siku ile kwamba nimeyasikia kwa Mungu, sikuyasikia. Niliyatunga kwa sababu niliona aibu kukosa la kusema. Umeyabeba ukiwa katika uchungu na nimekukosea. Naomba unisamehe." Hayo yanatosha. Usimweleze kwa kirefu jinsi ulivyoteseka, maana ukifanya hivyo ataanza kukufariji wewe, na zamu ya kufarijiwa ni yake. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akikasirika, ana haki.

Ila usimwache mikono mitupu. Lipo neno juu ya machozi ambalo halikutungwa jioni ile, na pengine ulilisoma zamani likakukaa pembeni ya moyo bila wewe kujua. Zaburi ya 56, iliyoandikwa juu yake kwamba ni ya Daudi, Wafilisti walipomkamata huko Gathi, inasema katika mstari wa 8: "Uyatie machozi yangu katika chupa yako." Mtu aliyekuwa mikononi mwa adui alimwomba Mungu asiyapoteze machozi yake. Msomee zaburi yote. Usiongeze maelezo, na kwa upendo wako kwake usiseme "Mungu ameniambia nikusomee hii". Msomee tu kwa sababu imeandikwa, kisha kaa naye.

Kuhusu ushirika wa akina mama, mwulize yeye angependa iweje. Akitaka wale waliosikia wajue, basi asimame aliyetunga, asiachiwe yeye kazi ya kukanusha. Sentensi mbili zinatosha hapo pia. Nimeona watu wakigeuza toba yao kuwa ushuhuda mwingine mrefu wa kuvutia, na wewe najua hutaki kurudi huko.

Sasa swali lako la kwamba Mungu anasema na wengine isipokuwa wewe.

Kwamba Mungu hufundisha kupitia kazi za mikono, hilo sina shaka nalo. Yeremia aliambiwa ashuke mpaka nyumba ya mfinyanzi, "na huko nitakusikizisha maneno yangu" (Yeremia 18:2). Akaenda, akamkuta fundi yuko kazini, chombo kikaharibika mkononi mwake, akakifinyanga upya kuwa chombo kingine. Neno likamjia Yeremia akiwa anatazama. Kwa hiyo wenzako hawakosei kutazamia kitu katika rangi na maji.

Lakini Yeremia huyo huyo, nenda naye mpaka sura ya 42. Yerusalemu imekwisha kuanguka, waliobaki wana hofu, na wakuu wa majeshi pamoja na watu wote wanamjia wakimwomba awaulizie kwa Mungu waende wapi. Taifa zima linamngoja mtu mmoja afungue kinywa. Mstari wa 7 unasema neno la Bwana lilimjia baada ya siku kumi. Siku kumi, binti yangu, na watu wale walikuwa wanakimbia kuuawa! Nabii aliyezoea kusikia hakuwa na cha kuwaambia siku ya pili, wala ya tano, na hakutunga. Kama yeye aliweza kukaa siku zote hizo bila neno, wewe unaweza kumaliza Jumamosi moja ukasema huna.

Nami nadhani, tena kwa nguvu, kwamba umefundishwa mengi katika uchoraji huo ila hukuyatambua kwa sababu hayakuja yakiwa na sura ya kusimulika. Wacha nirudi kwenye jagi lako. Mimi mwenyewe napenda rangi za maji, na ulivyoeleza picha yako niliiona. Rangi hizi zinapitisha mwanga. Unachokiona kikimeta kwenye jagi la mwenzako ni karatasi yenyewe aliyoiacha bila kuigusa, kwa maana katika uchoraji huu weupe huupaki, unauacha. Anayeanza huona ile sehemu tupu, anaihurumia, anaijaza. Ukishaifunika, weupe ule haurudi kama ulivyokuwa, hata usugue vipi. Ndipo karatasi inapochubuka. Na ukigusa rangi iliyokauka nusu, maji mapya yanaisukuma ile ya zamani na kuacha kingo za ajabu kama za wingu, nawe unaona kosa jipya la kusahihisha. Ukizidi kuongeza rangi juu ya rangi, zote zinageuka tope.

Umeandika mwenyewe: nikiona kosa siwezi kuliacha. Na jioni ile zamu ilipokufikia, ulikuta mahali patupu ndani yako, ukapajaza. Ni mkono ule ule. Pale palitakiwa paachwe peupe. Ungesema "leo sina", wenzako wangeona mtu mkweli, na yule aliyefiwa, ambaye huenda naye yako mengi anayoyakosea maneno, angejua kwamba inaruhusiwa kukaa mbele za Mungu bila maneno. Daudi ana zaburi ya namna hiyo, ya 131, ina mistari mitatu tu. Anasema ameituliza nafsi yake na kuinyamazisha kama mtoto aliyeachishwa kunyonya, aliye kifuani mwa mama yake. Mtoto aliyeachishwa hadai kitu pale kifuani. Amekaa tu na mama.

Kwa upande wa karatasi, usijihukumu kupita kiasi. Inawezekana mnatumia karatasi ya kawaida ya kuandikia, ambayo huwa na uzito wa gramu 80 hivi kwa mita ya mraba. Hiyo hujikunja na kuchubuka mapema hata kwa mtu mwenye mkono mzuri. Tafuteni iliyotengenezwa kwa rangi za maji, ya gramu 300. Na usiihukumu picha ikiwa mbichi, kwa sababu rangi hizi zikikauka hufifia.

Huo utaratibu wa dada mkubwa wa kikundi naomba muuzungumze. Sina shaka nia yake ni njema, alitaka Mungu awe katikati ya furaha yenu. Lakini ushuhuda ukidaiwa kwa zamu, kila wiki, kutoka kwa kila mtu, unageuka kuwa ushuru, na mwenye njaa ya kukubalika atalipa hata kwa sarafu bandia. Mwendee kwa heshima, mweleze yaliyokupata, nadhani ataelewa upesi kuliko unavyodhani. Mnaweza kuchora, kisha mkasoma zaburi moja pamoja, mwenye neno akalisema na asiye na neno akasema "leo sina", na wote wakamwitikia amina kama walivyomwitikia mwingine.

Mpe pia mfano wa Bezaleli. Katika Kutoka 31 Mungu anasema amemjaza roho ya Mungu, katika hekima na ujuzi na kila aina ya kazi ya ufundi. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa ambao Biblia inawataja hivyo, na alikuwa fundi. Akatengeneza sanduku la agano, meza, kinara cha taa cha dhahabu safi. Sasa tafuta maneno yake. Hakuna hata moja aliloandikiwa yeye binafsi. Mara moja tu mafundi wote kwa pamoja walimwendea Musa, na walichokwenda kusema ni kwamba watu wameleta vifaa kupita kiasi (Kutoka 36:5). Mtu aliyejaa Roho alifanya kazi yake kwa uangalifu, na Mungu akaridhika kuiweka kazi hiyo katika Maandiko bila hotuba ya aliyeifanya. Jumamosi zenu zinaweza kuwa ibada hata zikiisha kimya.

Na huyo Bezaleli ananifikisha kwa rafiki yako mwenye kipaji. Kutoka 35:34 inasema Mungu alitia moyoni mwake afundishe, yeye na fundi mwenzake Oholiabu. Yaani kipaji kilikuja pamoja na moyo wa kukigawa. Mara nyingi wivu hukua kwa sababu tunakitazama kipaji cha mwenzetu kwa mbali, kama kitu kilichofungiwa kabatini. Sogea. Jumamosi ijayo keti karibu naye na umwambie: "Nionyeshe ulivyouacha huu mwanga hapa kwenye mpini." Tazama mkono wake, mwombe asimame nyuma yako ukijaribu, mruhusu akwambie "acha, usiguse tena hapo". Mithali 14:30 inaita husuda ubovu wa mifupa, na nimeona mifupa mingi ikipona kwa njia hii, mtu kukubali kuwa mwanafunzi wa yule anayemwonea wivu. Mara ya kwanza ni ngumu, utajisikia mdogo. Unaweza pia kumwambia Mungu waziwazi, ukimtaja mwenzako kwa jina, kwamba unaona uchungu akisifiwa. Paulo alituagiza tufurahi na wafurahio na tulie na waliao, na kwa wengi wetu kulia na mtu ni kwepesi kuliko kufurahi naye. Wewe si wa kwanza kukwama hapo.

Tena nakuomba uache kuigeuza picha. Weka wazi mezani, pamoja na zile za wenzako, tope na yote. Nina hakika mmoja kati yao anaficha yake rohoni hata kama karatasi ameiacha wazi.

Mwisho umeuliza kama uache. Usiache sasa. Ukiacha leo utakuwa umewakimbia watu, halafu utajiambia kwamba ulishindwa na rangi. Kaa nao miezi kadhaa bila siri hiyo kati yenu. Baada ya hapo ukiona moyo wako unapenda zaidi kushona au kuimba, waage vizuri uende. Mungu hajamlazimisha mtu kuchora. Lakini uliandika kwamba ni miaka mingi hujafanya kitu kwa ajili ya kufurahi tu, na mstari huo nimeusoma zaidi ya mara moja. Yesu aliwaambia watu wenye mashaka ya chakula na mavazi wayafikiri maua ya mashamba, jinsi yameavyo. Aliwataka watazame. Wewe umepewa saa nzima kila wiki ya kulitazama jagi, jani, kivuli cha kikombe, ukiwa na marafiki wanaokupenda, na hata kama hutapata la kusimulia, nakusihi uipokee.

Mpigie mwenzako kabla ya Jumamosi, umwombe muda wa kuonana. Usimweleze kwenye simu. Mwambie tu unakuja, na ukienda uwe na Biblia yako.

Mama yako katika Kristo